Kuitoa baridi ndani ya nyumba: shajara ya usafi wa machipuko, Robbinsdale

Jumamosi ya mwisho ya Machi

Theluji ya upande wa kusini imekwisha. Upande wa kaskazini, kivulini, bado kuna tuta linalofika magotini, jeusi kwa vumbi la barabara. Mchana joto linapanda hadi nyuzi 7 za Selsiasi. Usiku maji yanaganda tena. Huu ndio wakati wa kuanza, si Mei miti ikishachanua, kwa kuwa kazi ya kwanza ya usafi huu ni ya maji, na maji hayasubiri.

Nyumba yetu ipo Robbinsdale, mji mdogo uliopakana na Minneapolis kwa upande wa kaskazini-magharibi, jimbo la Minnesota. Ilijengwa miaka ya 1950 kama nyingi za mtaa huu: nyumba ya mbao, vyumba vitatu juu, na besmenti chini, yaani ukumbi mzima uliochimbiwa ardhini. Huku msingi lazima uzame walau inchi 42, zaidi ya mita moja, ili barafu ya ardhini isije ikaunyanyua. Ukishachimba kiasi hicho, ukiendelea kidogo tu unapata chumba. Ndiyo maana besmenti zimejaa kila mtaa, na kila besmenti ina habari zake za unyevu.

Mtu aliyezoea nyumba ya Tanga, upepo wa bahari ukiingilia mbele na kutokea uani, hawezi kukisia hali ya nyumba iliyofungwa tangu Novemba. Usiku wa kawaida wa Januari hapa hushuka hadi nyuzi 13 chini ya sifuri, na zipo nyakati za kushuka zaidi ya 25. Theluji ya msimu mmoja, ukijumlisha yote iliyoanguka, ni takribani sentimita 130. Madirisha hayafunguliwi, mengine tumeyawamba nailoni kwa ndani ili upepo usipenye. Humo ndani tunachemsha maharage, tunakaanga samaki, tunaoga maji ya moto, tunafua, tunakohoa. Mvuke, moshi wa mafuta, vumbi la nguo na la zulia, vyote vinazungushwa humo humo na mabomba ya tanuru la kupashia joto. Mwanangu mdogo ana pumu, na Machi ndio mwezi anaokohoa zaidi usiku. Kwa hiyo mradi huu si wa kung'arisha vitu. Nataka nyumba ikauke panapotakiwa kukauka, ipate hewa, na chumvi itoke. Urembo utafuata.

Mpangilio nimeubandika kwenye mlango wa friji: maji ya chini ya nyumba, hewa, chumvi, madirisha, nguo, jiko. Ndani ya kila chumba tunaanzia juu na kushuka, na vumbi linaondolewa likiwa kavu kabla ya maji kuletwa. Vumbi likikutana na maji kwanza linageuka tope, na tope likishaingia kwenye nyuzi za zulia au mianya ya mbao, kulitoa ni kazi nyingine.

Jumapili: maji

Ardhi ya juu imeyeyuka, ya chini bado ni barafu. Maji ya theluji hayana pa kunywewa, basi yanatembea juu juu yakitafuta mteremko. Kama udongo umeinama kuelekea nyumbani, yatafuata ukuta na kushuka hadi besmenti.

Baba watoto alipanda ngazi kusafisha gata. Majani ya vuli yalikuwa yamegandamana na barafu kama mkate, ikabidi ayamegue kwa mkono na kuyatupa ndooni. Tulipomaliza niliangalia mabomba yanayoshusha maji kutoka kwenye gata. Moja lilikuwa limeng'oka pale chini, labda kwa uzito wa theluji iliyosukumwa juu yake, na maji yalikuwa yanamwagikia miguuni mwa nyumba. Tumelirudisha na kuliongezea kipande kinachoyapeleka maji mbali, karibu mita mbili kutoka ukutani. Hii ni kazi isiyoonekana na mgeni yeyote, lakini naiweka mbele ya kudeki sebule kwa mbali sana.

Kisha pampu. Kwenye kona ya besmenti kuna shimo ambamo maji ya ardhini hukusanyika. Yakipanda, boya linapanda nayo na kuwasha pampu, nayo inayasukuma nje. Kuijaribu ni rahisi: mimina ndoo ya maji shimoni polepole, usubiri. Boya lilipanda vizuri, pampu ikaunguruma, lakini maji hayakupungua. Mdomo wa bomba huko nje ulikuwa umezibwa na barafu. Tukazima, tukaumwagia maji ya uvuguvugu mpaka kipande cha barafu kikachomoka, tukajaribu tena. Safari hii shimo lilikauka kwa muda mfupi. Nafurahi tumelijua leo, si usiku wa mvua ya kwanza.

Kuta za besmenti nimezizungukia na tochi. Pana sehemu yenye unga mweupe juu ya saruji, laini, unaotoka ukiugusa. Huo si kuvu. Ni madini yanayobaki maji yakishapenya na kukauka, kwa hiyo unakuonyesha njia ya maji bila kuficha. Juu yake, karibu na pembe, kuna ufa mwembamba. Nimeuwekea alama ya penseli mwanzo na mwisho ili nione kama unaongezeka.

Maboksi ya karatasi yote yameinuliwa kutoka sakafuni. Karatasi juu ya saruji ya chini ya ardhi inavuta unyevu hata kama hukuona tone la maji, na kitu kama hicho kikilowa kina saa 24 hadi 48 tu kabla kuvu haijaanza kuota. Picha za harusi, vyeti vya shule na nguo za sikukuu zimehamia kwenye masanduku ya plastiki yenye vifuniko, juu ya rafu.

Jumatano jioni: hewa

Chujio la tanuru lilikuwa la kijivu kizito, limeota manyoya. Chujio la aina hii hubadilishwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na katika nyumba yenye mtoto wa pumu ni heri mwezi mmoja. Mshale uliochorwa pembeni yake lazima uelekee upande hewa inakokwenda, yaani ndani ya tanuru.

Kila tundu la hewa sakafuni tumelifungua. Chini ya vile vifuniko vya chuma tumekuta penseli, punje za mchele, kete za michezo ya watoto na blanketi la vumbi. Kijana mkubwa alipitisha mpira wa mashine ya kufyonza vumbi mpaka ulipofikia, vifuniko tukaviosha kwa sabuni kwenye beseni.

Mashine ya kukaushia nguo ilivutwa kutoka ukutani. Bomba lake la kutolea hewa lilikuwa limeshonana nyuzinyuzi za nguo. Huku kuacha kulisafisha bomba hili ni chanzo kinachojulikana cha moto majumbani, kwa sababu zile nyuzi kavu zinashika moto upesi. Nje, kile kifuniko kidogo kinachofunguka kwa pumzi ya mashine, nacho kilikuwa kimekwama.

Kengele za moshi zote zimebonyezwa, zikalia. Moja nyuma yake ina tarehe ya kutengenezwa iliyopita miaka 10, ambao ndio umri wa mwisho wa kengele hizi hata kama bado inalia, basi nimeibadilisha. Ya gesi ya kaboni monoksidi ipo kwenye korido. Sheria ya Minnesota inataka iwe ndani ya futi 10, yaani mita tatu, kutoka kila chumba cha kulala. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na hutoka kwenye vyombo vya kuchoma gesi kama tanuru vikiharibika. Hapa sina mzaha na mtu yeyote.

Jumamosi ya kwanza ya Aprili: chumvi

Leo ndiyo siku niliyokuwa naisubiri.

Huku barabara, njia za miguu na vibaraza hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Kubwa ni chumvi ileile ya jikoni kwa asili yake, mawe mawe ya klorini na natiri, yenye nguvu hadi karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo watu huongeza kloridi ya kalsiamu, ambayo inafanya kazi kwenye baridi kali zaidi. Zote mbili zinaingia nyumbani kwa soli za viatu, kuanzia theluji ya kwanza hadi ya mwisho.

Kwenye sakafu utaona utando mweupe unaorudi kila ukideki. Kwenye zulia la mlangoni huoni kitu, lakini ukikanyaga na soksi utasikia ubaridi wa unyevunyevu hata wiki isiyo na theluji. Ni ile kloridi ya kalsiamu: inavuta maji kutoka hewani na kuyashikilia. Zulia lenye chumvi halikauki, na zulia lisilokauka ni nyumba ya kuvu. Nimekuwa nikisikia watu wakilaumu zulia kwamba limezeeka, wakalitupa, kumbe limebeba chumvi tu.

Tulivyofanya: kwanza viatu vyote na sinia la viatu vimetoka nje. Kisha zulia la mlangoni limepigwa kwa fimbo kwenye uzio, kama tulivyokuwa tukipiga magodoro siku za jua, mpaka vumbi likaisha. Yale mazulia yaliyogundishwa sakafuni yamefyonzwa kwa mashine taratibu, mara kwenda urefu, mara upana, kwa kuwa punje za mchanga na chumvi zina makali na zinakata nyuzi kila mtu anapokanyaga. Ndipo maji yakaja: ya uvuguvugu, siki nyeupe kidogo ndani yake, yanamwagwa machache na kuvutwa mara moja na mashine ya kuoshea zulia ambayo jirani mzee ametuazima. Feni imewekwa hapo usiku kucha.

Sakafu ya mbao inataka hadhari. Siki nyingi, tena mara kwa mara, inafifisha vanishi. Nimetia kama nusu kikombe kwenye lita nne za maji, tambara limekamuliwa hadi halidondoki, na nyuma yangu binti akapita na tambara la maji matupu, kisha kavu. Utando umekwenda na haujarudi jioni hii. Kwenye jiwe la marumaru au la chokaa siki haifai kabisa, inalila jiwe. Kizingiti chetu cha bafuni ni cha jiwe, kwa hiyo pale tumetumia maji na sabuni laini.

Na jambo moja nililosema kwa sauti kubwa ili nyumba nzima isikie: siki ikiwa mkononi, jiki haitoki kabatini. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini. Jiki na amonia, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi nyingine ya hatari. Watu wamepelekwa hospitali kwa kuosha choo na dawa mbili kwa wakati mmoja, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kuanguka.

Kijana alipotoka kufagia kibaraza alikuwa na rundo zuri la mawe ya chumvi na mchanga, akataka kulisukumia mtaroni.

"Hapana mwanangu, lizoe ulitie kwenye ndoo."

"Kwani mama, si mvua italichukua tu?"

Ndiyo shida yenyewe. Mitaro ya maji ya mvua mjini haipiti kwenye mtambo wowote wa kusafisha. Inakwenda moja kwa moja kwenye maziwa, vijito na Mto Mississippi. Idara ya mazingira ya jimbo inafundisha kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua milele galoni tano za maji, kama lita 19, kwa viumbe wa maji yasiyo ya chumvi. Na hakuna njia rahisi ya kuitoa ikishaingia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waligundua kwamba karibu asilimia 70 ya chumvi inayomwagwa barabarani katika eneo la Minneapolis na Saint Paul haiondoki na mto, inabaki kwenye udongo, maziwa na maji ya chini ya ardhi ya hapahapa. Crystal Lake, ziwa ambalo watoto wanavulia samaki, lipo ndani ya mji wetu huu. Kwa hiyo chumvi iliyofagiwa imechekechwa, imewekwa kwenye ndoo yenye kifuniko, na itatumika Desemba. Kijana ameiandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Aliuliza maswali mengi kuhusu samaki, na nilifurahi kuyajibu kuliko kazi yote ya leo.

Jumapili: madirisha

Tumetoa ile nailoni. Nyuma yake ndipo majira ya baridi yalipoandika hesabu zake zote. Hewa ya ndani yenye joto imebeba mvuke. Ikigusa kioo cha baridi mvuke unageuka maji, maji yanatiririka hadi kwenye fremu, yanakaa. Kwenye pembe za chini za madirisha ya chumba cha watoto kuna madoa meusi ya kuvu, madogo kama mbegu za ufuta, yamesambaa kwenye mbao na kwenye mpira wa kuzibia.

Kuvu ya eneo dogo, chini ya futi 10 za mraba, ambayo ni karibu mita moja ya mraba, shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema mwenye nyumba anaweza kuishughulikia mwenyewe. Maji ya moto, sabuni na burashi, kisha kukausha kabisa. Wengi wanakimbilia jiki, lakini shirika hilo halipendekezi klorini kuwa dawa ya kawaida ya kuvu. Kinachoizuia kuvu ni kukosa unyevu. Nilivaa barakoa na glavu, mtoto mdogo akapelekwa kwa rafiki yake mpaka jioni.

Jambo la pili lilinifanya nikaze mkono. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi majumbani mwaka 1978. Nyumba ya miaka ya 1950 lazima uichukulie kuwa inayo, hasa kwenye madirisha, kwa sababu fremu zinasuguana kila zinapofunguliwa na kutoa unga usioonekana. Unga huo ndio unaodhuru ubongo wa mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni. Basi hakuna kukwangua kavu, hakuna kupiga msasa, hakuna ufagio. Kila kizingiti kimepanguswa kwa tambara bichi lenye sabuni, likakunjwa, likatupwa. Tambara jipya kwa maji safi. Hii ndiyo sehemu pekee ya nyumba ambapo sifuati kanuni yangu ya kuondoa vumbi likiwa kavu kwanza.

Wadudu nao wameamka. Wale weusi wembamba wenye michoro myekundu mgongoni, waliojificha kutani tangu vuli, wanatoka kwenye nyufa za dirisha wakilifuata jua. Hawaumi, hawali kitu ndani ya nyumba. Ukiwaponda wanaacha doa kwenye pazia, kwa hiyo wamevutwa na mashine.

Saa sita mchana mama alipiga simu ya video kutoka Tanga. Kule ilikuwa usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umevaa koti ndani ya nyumba?"

"Tumefungua madirisha mama."

"Na nyuma yako si theluji ile?"

"Ndiyo mama. Hewa ya nje ni kavu, tunaitaka iingie."

"Haya, basi fungua mbele na nyuma. Dirisha moja halitoi kitu. Upepo lazima upate pa kutokea."

Mama hajawahi kuishi kwenye baridi, lakini amelea watoto kwenye nyumba ya udongo na makuti na anajua upepo. Tulifungua dirisha la jikoni na la chumba cha mbele kwa wakati mmoja, tanuru limezimwa, kwa robo saa. Kabla, kipimo cha unyevu kilisoma asilimia 54. Tulipofunga na nyumba kupata joto tena, kilisoma 38. Inayotakiwa ndani ya nyumba ni kati ya 30 na 50. Sababu yake ni kwamba hewa ya baridi, hata ikihisi kama ina umande, imebeba maji machache sana. Ikishapashwa joto ndani inakuwa na kiu na inanyonya unyevu wa kuta, mazulia na magodoro. Kuanzia leo hiyo ni kazi ya kila asubuhi, theluji iwepo isiwepo.

Katikati ya wiki

Mvua usiku kucha. Pampu imefanya kazi. Nilishuka alfajiri na tochi: sakafu kavu, isipokuwa alama ya unyevu yenye upana wa kiganja chini ya ule ufa. Alama za penseli hazijapitwa.

Jumamosi: makoti

Makoti ya nyumba nzima yanajaza chumba. Koti chafu halihifadhiwi, kwa sababu nondo wa nguo hufuata jasho na mabaki ya chakula kwenye sufu, na ukifungua kabati Oktoba utakuta matundu. Ya manyoya ya bata yamefuliwa kwa sabuni kidogo na kukaushwa kwa moto mdogo pamoja na mipira ya tenisi, inayoyapiga ili manyoya yasigandamane. Yanachukua muda mrefu. Yakiondolewa mabichi kwa ndani yanavunda. Mifuko yote imegeuzwa nje kwanza. Buti za ngozi, zile zenye mistari myeupe ya chumvi, zimepanguswa kwa siki na maji nusu kwa nusu, zikakauka mbali na moto, zikapakwa mafuta.

Hapa ndipo nimekaa zaidi kuliko kazi ilivyohitaji. Makoti yaliyowabana watoto nimeyatenga, nikayajaribu zipu moja moja, nikaunganisha glavu mbilimbili na kuzifunga kwa uzi. Familia zinazokuja huku kutoka kwetu, na wale Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wengi hufika na nguo nyepesi za nchi ya joto. Koti la kwanza ndilo linaloamua kama mtoto ataipenda shule au ataiogopa njia ya kwenda shule. Nakumbuka aliyenivalisha langu, mama mmoja wa Mombasa ambaye hakunijua, na alinifunga skafu mwenyewe shingoni kama mtoto wake. Sanduku la makoti litakaa kwetu mpaka Septemba, kisha litakwenda msikitini wanapogawa. Koti lenye zipu iliyokufa sikulitia. Mgeni naye anastahili koti linalofunga.

Jumapili: jiko, na vitu vya mbao

Juu ya makabati mafuta yamegandamana na vumbi. Sabuni ya vyombo na maji ya moto sana, unalaza tambara juu yake kwanza lilainike, kisha unapangusa. Chujio la feni ya juu ya jiko limelowekwa kwenye maji ya moto na magadi ya kuokea. Nyuma ya friji kuna koili zilizofunikwa vumbi. Zikifyonzwa friji haisumbuki kupoza. Unga wa mahindi, wa ngano na mchele umechekechwa wote, na sembe iliyoanza kufanya utando wa wadudu imetoka.

Vitu tulivyotoka navyo nyumbani vinaumia na baridi kwa namna nyingine. Mnamo Januari, tanuru likiwaka mchana na usiku, hewa ya vyumba visivyo na jiko wala bafu inakuwa kavu mno, na mbao hupasuka. Kinu kina ufa mpya mdomoni. Mbuzi ya kukunia nazi imelegea kwenye kiungo. Miiko imekuwa mikavu na mieupe. Nimeviosha kwa haraka bila kuloweka, nimevikausha kivulini, nimevipaka mafuta ya nazi mara kadhaa hadi vikaacha kuyanywa. Mkeka wa ukindu ulikuwa unakatika ukikunjwa. Nimeunyunyizia maji kidogo sana, nimeutandaza barazani penye upepo, na umelainika. Hautarudi besmenti. Utalala chini ya kitanda, mahali ambapo hewa haizidi ukavu wala unyevu.

Jumamosi ya mwisho ya Aprili

Mji umefagia mtaa wetu. Mchanga wote wa majira ya baridi umechukuliwa na gari lenye brashi kubwa.

Makopo ya rangi ya zamani, betri, taa za mirija na dawa za wadudu alizoacha mwenye nyumba wa kwanza tumezipeleka kwenye kituo cha kaunti yetu, Hennepin, kilichopo Brooklyn Park, ambacho hupokea taka za hatari za majumbani. Havitiwi kwenye pipa la kawaida, na havimwagwi sinki.

Bomba la maji la nje limefunguliwa. Mmoja alikaa besmenti na tochi akiangalia ukuta wakati mwingine anafungua nje, kwa sababu bomba lililopasuka kwa barafu halijionyeshi mpaka maji yapite. Halikupasuka.

Mchana nyuzi 17. Madirisha ya mbele na nyuma wazi tangu asubuhi, neti zimeoshwa na kurudishwa. Jioni, mtoto akiwa nje na baba yake, nimetia makaa kwenye chetezo na kufukiza udi, chumba kwa chumba, madirisha yakiwa wazi. Majira yote ya baridi sikufukiza: ndani ya nyumba iliyofungwa moshi huo unabaki kwenye vifua na kwenye chujio, na kengele zingelia. Mapazia sasa yana harufu ya nyumba ya mama siku ya kuamkia Idi. Mtoto amelala na pumzi laini kwa wiki hii nzima, na dawa yake ya kuvuta ya usiku haijahitajika.

Yaliyobaki: fremu mbili za chumba cha watoto zinahitaji kuzibwa upya kwa silikoni zikishakauka kabisa. Mlangoni kutajengwa benchi lenye sinia refu la viatu chini yake, ili Novemba chumvi iishie hapo. Ule ufa wa besmenti unasubiri fundi, ambaye atakuja mwanzoni mwa Juni, udongo wa nje ukiwa umekauka na anaweza kuuchimba hadi auone upande wa pili.